Haragwe lililozama

Jumatatu ya wiki iliyopita tulipanda maharagwe. Si shambani, maana mvua za Machi zinakuja kwa kubahatisha na jembe la shule limevunjika mpini. Tulitumia chupa za maji zilizokatwa shingo: karatasi ya chooni ndani, haragwe la nambale likabanwa kati ya karatasi na ubavu wa chupa, maji kidogo. Watoto wa darasa la nne hapa Busia wanalima makwao tangu wajue kushika jembe, nami nilidhani watachoshwa upesi. Kumbe hakuna aliyewahi kuona kinachotendeka chini ya udongo.

Mizizi ilipochomoza, nikawaambia wazilaze chupa. Kesho yake kila mzizi ulikuwa umepinda, unatafuta chini upya. Darasa likalipuka kwa kelele hata mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Chupa moja haikuwapo dirishani. Mwenyewe aliificha chini ya dawati. Nilipoinama, harufu ilinifikia kabla ya macho: haragwe limevimba, ganda limechanika, linatoa ute mweupe.

"Nililimwagia maji mengi, mwalimu, ili liwahi."

Maji yalifika nusu ya chupa. Nikamweleza kwamba mbegu nayo huvuta hewa, na hii imezama. Alinitazama kana kwamba nimemwambia jiwe linakohoa.

Kosa ni langu. "Msisahau maji" niliimba wiki nzima. Habari ya hewa sikuigusa.

Nilimpa haragwe jingine, akakataa. Jana akaja na mbegu ya fenesi, bado inateleza, kaifunga kwenye jani la mgomba. Bahati yake, maana mbegu ya fenesi haivumilii kukaushwa na kuwekwa kama haragwe, hufa. Inataka kupandwa ikiwa mbichi. Hilo hakulipata kwangu: anasema nyanya yake hula fenesi, hutupa mbegu nyuma ya jiko, nazo huota zenyewe. Tukaipanda kwenye kopo la rangi. Matundu ya chini alitoboa yeye kwa msumari, na alipofika la 17 ikabidi nimnyang'anye nyundo.

Atangoja wiki kadhaa, na wenzake watakuwa wameshaona majani. Asubuhi hii nimemkuta peke yake kwenye kopo. Hakumimina maji. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakitazama, akakifuta kwenye kaptula, akaenda zake mstarini.