Nachukia, kisha napenda

Tangu jana narudia wimbo mmoja tu, "Grande grande grande" wa Mina, yule mwimbaji wa Italia. Sauti yake ilinishika zamani, maneno nimeyaelewa jana. Kumbe anamwimbia mwanamume mbinafsi, mjeuri, wa kugombana naye kila siku! Anawatazama shoga zake wametulia, siku ya kuzaliwa wanaletewa zawadi na mawaridi mekundu, wala yeye hatamani maisha yao. Anamchukia, anampenda, anamchukia tena, pumzi moja.

Nililia, jamani. Nimewahi kumpenda mtu hivyo, miaka minne. Shirley Bassey aliuimba kwa Kiingereza mwaka 1973, mzuri pia, ila kwa Mina ndiko ninakosikia ule ugomvi wenyewe.