Ijumaa aliyozikwa Joey

Jumapili ile, tarehe 2 Julai 2000, niliingia zamu ya jioni nikamkuta mzee mpishi anamenya viazi. Beseni limejaa, sufuria kubwa nayo imejaa, na bado anamenya. Redio yake, iliyokaa juu ya friji na ambayo sikuwahi kuikuta imezimwa tangu nianze kazi pale, ilikuwa kimya. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikafunga aproni, nikaanza kuosha vyombo vya mchana. Baada ya muda mrefu akasema, bila kunigeukia, "Joey amekufa."

Nilikuwa mwanafunzi Coleraine, huko Ireland Kaskazini, mwaka wangu wa pili mbali na Tanga. Siku za mwisho wa wiki niliosha vyombo kwenye jiko la hoteli nipate kodi ya chumba. Mzee yule ndiye aliyenionyesha mji: duka la kununulia mchele, njia ya mkato kwenda stesheni ya treni, na Joey Dunlop, mkimbiza pikipiki, ni nani. Hilo la Joey alinifundisha kila zamu, kama mtu anayemfundisha mtoto majina ya ukoo.

Joey alikuwa mtu wa Ballymoney, mji mdogo usiofika hata kilomita ishirini kutoka pale tulipo. Alikuwa na baa karibu na reli, na ukiingia ungeweza kumkuta mwenyewe nyuma ya kaunta. Mtu huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One ya TT (Tourist Trophy), ya pikipiki na si ya magari, mara tano mfululizo, 1982 hadi 1986. Waandishi wa habari walihangaika naye kwa sababu hakupenda kusema. Pikipiki zake alizishughulikia mwenyewe, mikono imejaa grisi, na mara nyingi alizipakia kwenye gari lake akaliendesha mwenyewe hadi kwenye mashindano. Gari la namna hiyohiyo alilijaza chakula na nguo akaenda nalo Romania, Albania na Bosnia kwenye vituo vya watoto yatima. Malkia alimpa nishani ya OBE mwaka 1996 kwa kazi hiyo, wala si kwa mbio. Mzee mpishi alipofika hapo kwenye hadithi alikuwa anaweka kisu chini.

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba Lushoto, na serikali ilimpa pikipiki ya Honda. Kwenye kona za Soni alipiga honi kila kona, hata alfajiri barabara ikiwa tupu, na honi ile ilijulikana. Watu walitoka majumbani wakamsimamisha: huyu ana barua, yule ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Hakuwahi kushinda kitu chochote maishani mwake. Lakini mtu wa watu nilikuwa nimeshamwona, nikajua anafananaje.

Mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo tulisikiliza TT ya Isle of Man jikoni. Ile si mbio ya uwanjani. Ni barabara za kawaida za kisiwa, za maziwa na za posta, zinafungwa kwa saa kadhaa na watu wanakimbiza pikipiki katikati ya kuta za mawe, nguzo za taa na milango ya nyumba. Mzunguko mmoja ni karibu kilomita 61, unapanda hadi kwenye mlima Snaefell na kushuka tena. Waendeshaji hawaachiliwi kwa pamoja, wanapishana kwa sekunde, hivyo mtu anashindana na saa na kumbukumbu yake mwenyewe ya kila kona. Tangu 1911 barabara ile imeua zaidi ya watu 250. Mzee alikuwa anaijua idadi ya wakati ule, na baadhi ya majina.

Joey alikuwa na miaka 48. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu ashinde mbio ya Formula One pale, na katikati ya miaka hiyo alivunjika vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, Uingereza, mwaka 1989, watu wakasema amekwisha. Wiki ile akaishinda, kisha akashinda ya pikipiki za cc 250, kisha ya cc 125. Ushindi wake wa 26 pale. Katika mbio ya mwisho alishika nafasi ya tatu, na mzunguko wake mmoja ulifika wastani wa karibu kilomita 200 kwa saa, haraka kuliko alivyowahi kwenda pale maishani mwake. Mimi na mzee tulipiga sufuria kwa miiko mpaka meneja akaja kutazama kuna nini.

Haikutimia hata mwezi. Alikwenda Tallinn, Estonia, akashinda mbio mbili, halafu kwenye ya cc 125, lami imelowa mvua, pikipiki ikamtoka, akagonga miti. Akafa palepale.

Ijumaa tarehe 7 tulikwenda kumzika. Mzee alikuja kunichukua kwa pikipiki yake kuukuu, na helmeti ya ziada iliyonikaba masikioni. Kabla hata ya kufika Ballymoney tuliiacha kando ya shamba na kutembea, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa. Baadaye walisema tulifika watu elfu hamsini. Mimi naweza kusema nilichokiona: pikipiki zimepangwa bega kwa bega mpaka macho yanachoka, na hakuna inayonguruma. Ilikuwa ni msimu wa maandamano, wiki ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi ile huwa wanakwepana njia. Pale walikuwa wamesimama pamoja kwenye majani, wamevua kofia. Joey hakuwahi kumwuliza mtu dini yake kaunta ile, mzee aliniambia, na ndiyo maana wamekuja wote.

Kanisa la Garryduff ni dogo, sisi tulibaki nje mbali. Karibu na mimi, kwenye ukingo wa mtaro, alikaa mwanamume mmoja mnene mwenye ndevu, ametoka Uingereza kwa usiku kucha. Helmeti alikuwa ameipakata magotini. Kioo chake kilikuwa kimeganda wadudu waliokufa njiani, mamia, mabawa na yote. Akatoa leso, akaitia mate pembeni, akaanza kuwafuta mmoja mmoja, polepole, huku machozi yanamdondoka juu ya kioo hichohicho anachokisafisha. Jeneza lilipopita akasimama, kioo kimebaki nusu. Hakuendelea tena kukifuta.

Nililia. Sikuwahi kumwona Joey akiwa hai, na nililia kama nimefiwa na mtu wa nyumbani.

Mzee yeye hakulia. Watu walipoanza kutawanyika alinishika kiwiko akasema neno ambalo sijaliacha mpaka leo: "Kila Juni nilimwomba Mungu amrudishe salama, halafu papo hapo namwomba ashinde. Sijui Mungu alikuwa asikilize lipi."

Sikuwa na jibu, na sina. Nimeendelea kuufuatilia mchezo ule nikiwa Tanga, nikijua gharama yake. Robert, mdogo wake Joey, alikufa Mei 2008 akifanya mazoezi ya mbio za pikipiki za North West 200, kwenye barabara zilezile za Coleraine nilizopita kwenda chuoni. Siku mbili baadaye mwanawe Michael akapanda pikipiki hapohapo na akashinda. William, kaka yake Michael, alikufa kwenye mashindano ya pikipiki ya Skerries, Ireland, tarehe 7 Julai 2018, siku ileile ya mazishi ya baba yake mkubwa, miaka 18 mbele. Na Juni 2024 Michael alipata ushindi wa 27 wa Isle of Man, akampita Joey. Nilifurahi nikasimama sebuleni. Kisha nikakaa, nikangoja kusikia kwamba amefika nyumbani.

Jioni ile ya Ijumaa tulirudi taratibu. Nilikuwa nimemshika mzee kiunoni, na nilitegemea kwamba atakaza mwendo, kwa hasira au kwa heshima, kama vijana kadhaa waliotupita. Hakukaza. Kabla ya Coleraine kuna njia panda katikati ya mashamba. Akasimama kabisa, miguu yote chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Hapakuwa na gari wala ng'ombe. Akabonyeza honi mara moja, ndipo tukavuka.