Seti za vifurushi katika Gentoo: nilivyolipanga upya faili la world

Mwezi uliopita nilifungua faili la /var/lib/portage/world kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikakuta lina mistari 163, na karibu theluthi yake sikuweza kueleza ilifikaje pale. Hilo ndilo faili ambamo Portage, meneja wa vifurushi (yaani programu zinazowekwa kwenye kompyuta) wa Gentoo, mfumo endeshi wa familia ya Linux, huandika kila kifurushi ulichokiomba wewe mwenyewe kwa jina. Vile vinavyoletwa kwa sababu tu vingine vinavitegemea haviandikwi humo. Ni orodha ya matakwa ya mwenye kompyuta, na katika yangu mlikuwa na maktaba za kuchakata picha ambazo sijawahi kuzigusa na vifaa vya skana niliyokwisha kumpa mtu zamani. Nyingi ziliingia usiku wa kurekebisha hitilafu, nikasahau kuongeza --oneshot, ambayo huijenga programu bila kuliandikisha jina lake.

Kwenye mfumo unaopakua programu zilizokwisha kujengwa, uchafu wa namna hiyo hula nafasi ya diski na basi. Gentoo ni habari nyingine. Ingawa tangu Desemba 2023 mradi huo hutoa pia vifurushi vilivyojengwa tayari kwa wingi, mimi bado hujenga vingi kutoka msimbo chanzo kwa sababu ya alama za USE nilizozichagua, yaani swichi zinazoamua programu ijengwe na uwezo upi, na kwa hiyo kila kifurushi nisichokihitaji hunidai muda wa prosesa na umeme kila kinapotoa toleo jipya.

Dawa niliyoitumia ni seti. Seti unayojitungia ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya /etc/portage/sets/. Jina la faili ndilo jina la seti, na kila mstari hubeba kifurushi kimoja pamoja na kundi lake. Yangu ya kwanza niliipa jina la uandishi:

# kazi za tafsiri na ripoti
app-office/libreoffice
app-text/texlive
app-dicts/myspell-sw
app-text/zathura
# bila hiki zathura haifungui PDF
app-text/zathura-pdf-poppler

Mistari inayoanza na alama ya reli ni maelezo, na kwangu hiyo ndiyo faida iliyo kubwa kuliko zote, maana faili la world haliniachii nafasi ya kujiandikia kwa nini nilikitaka kitu fulani, ilhali hapa naweza kujikumbusha kwa Kiswahili changu mwenyewe. Alama za USE haziandikwi ndani ya seti. Zangu nimeziweka katika /etc/portage/package.use/uandishi, faili lenye jina lile lile, ili nikitafuta moja nilione na la pili.

Ukishaiandika, seti huitwa kwa kutanguliza alama ya @. Hapo ndipo nilipoteleza. Niliandika emerge @uandishi (emerge ndiyo amri ya kuiendesha Portage), nikabonyeza kitufe, nikaenda kulala, nikidhani kwamba vilivyokwisha kuwekwa vitarukwa. Sivyo. Bila maelekezo mengine, emerge huvijenga upya vyote vilivyomo katika seti uliyoitaja, hata kama toleo ni lile lile ulilonalo. Usiku ule umeme ulikatika, betri ikaisha, na asubuhi nikakuta kompyuta imezimika LibreOffice ikiwa katikati. Amri ya emerge --resume huendelea na orodha iliyobaki, lakini kifurushi kilichokatizwa huanza mwanzo, na kwa mashine yangu yenye viini vinne vya prosesa LibreOffice si kazi ya kunywea chai. Laiti ningeweka --ask, ningeiona herufi R mbele ya kila jina, yaani kinajengwa upya, nikajibu hapana. Amri iliyofaa ilikuwa hii:

emerge --ask --noreplace @uandishi

Amri hiyo huweka vinavyokosekana peke yake, kisha huandika @uandishi katika /var/lib/portage/world_sets. Baada ya hapo niliyaondoa majina ya vifurushi hivyo katika faili la world, moja baada ya jingine, kwa emerge --deselect, ambayo hufuta jina katika orodha bila kuigusa programu yenyewe. Utaratibu huu usipinduliwe: seti iandikishwe kwanza, majina yaondolewe baadaye, kwa kuwa anayeanza kwa kuondoa majina halafu akaendesha emerge --depclean, inayoondoa kila kisichoombwa wala kutegemewa, ataona vitu anavyovihitaji vikifagiliwa pamoja na takataka.

Tangu hapo kazi ya kila wiki imebadilika. Nikitaka programu mpya ya uandishi, naongeza mstari katika faili. Sasisho la kawaida la @world huikuta na kuijenga, kwa sababu @world hujumuisha seti zilizoandikishwa. Nikiichoka naufuta mstari, na depclean itakayofuata huiondoa, isipokuwa kama seti nyingine imeitaja au programu nyingine inaitegemea.

Kuiondoa seti nzima kunahitaji uangalifu zaidi. Amri ya emerge --unmerge @uandishi huondoa kila kilichotajwa humo bila kuuliza nani mwingine anakitegemea. Mimi hutumia emerge --deselect @uandishi, halafu emerge --pretend --depclean, nikaisoma orodha yote kwa macho yangu kabla ya kuiruhusu ifanye kazi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisitumie vifurushi-mama, kama kde-plasma/plasma-meta, ambavyo navyo hukusanya vingi chini ya jina moja. Kwa mazingira makubwa ya eneo-kazi kama Plasma ndivyo ninavyotumia, na sioni sababu ya kuviacha: vinatunzwa na wasanidi wa Gentoo, vina matoleo, na alama za USE huamua sehemu ipi iingie na ipi ibaki nje. Seti haina akili hiyo. Ila kifurushi-mama kimepangwa na mtu asiyejua kazi zangu, na nikitaka kukitoa kimoja tu kati ya vilivyomo ambacho hakina alama yake ya USE, naishia kubishana na Portage.

Zipo pia seti zinazokuja na Portage yenyewe, nazo huonekana kwa emerge --list-sets. Ninayoitumia mara nyingi ni @preserved-rebuild. Maktaba inaposasishwa na jina la faili lake likabadilika, Portage huliacha lile la zamani mahali pake mradi kuna programu inayolitumia, kisha seti hiyo hukusanya programu za namna hiyo ili zijengwe upya dhidi ya maktaba mpya. Nikibadilisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, ninaita @module-rebuild ili moduli zake zijengwe upya, la sivyo VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya kompyuta, inagoma kuwaka. @live-rebuild nimeigusa mara mbili tu, kwa vifurushi vya toleo la 9999, vinavyochota msimbo moja kwa moja kutoka ghala la wasanidi.

Saraka ya /etc/portage/sets sasa ina mafaili manne: uandishi, picha, ukarabati na nyumbani, na naihifadhi kwa git, chombo cha kutunza matoleo ya mafaili, ili kompyuta ya mezani isome orodha zile zile, isipokuwa picha ambayo haihitajiki kule. Faili la world limebakiwa na mistari 11. Kumi naweza kuieleza. Wa kumi na moja ni x11-misc/xdotool, ambayo sikumbuki niliitakia nini; depclean ingeiondoa mara moja nikilifuta jina lake, lakini nahofia ipo hati fulani ya amri (skripti) niliyoiandika usiku wa manane inayoitegemea, kwa hiyo nimeiacha mpaka niipate hati hiyo.