Kekee Ikiishia Sentimita 30

Kazi yangu ni kusaga udongo. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba ni kirefu kuliko hivyo, lakini ukija maabara siku yoyote ya kazi utanikuta nimevaa barakoa, mbele yangu kinu, chekeche la milimita 2 na rundo la mifuko ya karatasi. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wananiita Mama Chekeche. Sikulichagua jina hilo, ila naitika.

Sampuli zao zote zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo madai yao nayasikia mapema, kabla hayajavaa suti na kuingia kwenye jarida la kitaaluma. Siku hizi dai linalotamba ni moja: kilimo cha aina fulani kinarudisha kaboni ardhini, badala ya kuiacha hewani ikiongeza joto la dunia. Huyu anasema ni kutotifua shamba, yule mazao ya kufunika udongo, mwingine mboji, mwingine kilimo hai. Nia yao ni njema na mara nyingi wameshika pazuri. Kinachonikera ni kwamba karibu wote wana ufadhili wa miaka mitatu na kekee, ile nyenzo ya kutobolea udongo na kuchukua sampuli, inayoishia sentimita 30, na kwa hivyo viwili wanataka kutoa hukumu juu ya kitu kinachobadilika polepole, tena hadi chini kabisa mahali ambapo kekee yao haijagusa.

Tupige hesabu kidogo. Hekta moja yenye kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 3,000. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida wa shambani ina uzito wa tani 1.3 hivi, kwa hiyo tuna tani 3,900 za udongo. Kaboni ikiwa asilimia 1.5 ya uzito huo, tunazungumzia tani 58 na ushei. Sasa chukua lile lengo ambalo Ufaransa ililitangaza mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris, la kuongeza kaboni ya udongo kwa sehemu 4 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hekta yetu hizo ni kilo 230 hivi kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni kilo 700. Maana yake mwanafunzi anatafuta ongezeko la asilimia 1.2 tu, na hapo ni iwapo mbinu yake imefanya kazi barabara.

Na shamba halilingani kila mahali. Nimeshapima sampuli mbili zilizochukuliwa hatua moja kutoka nyingine, kitalu kilekile, siku ileile, zikapishana kwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna aliyekosea. Pengine miaka ya nyuma palikuwa na kisiki, pengine samadi ilimwagwa hapo ikasahauliwa. Halafu kuna vijizizi. Kabla ya kusaga nachambua kwa kibano vipande vya mizizi na majani makavu, chini ya taa, mfuko mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mzizi wa msimu huu bado haujawa udongo. Ukiacha vijizizi vichache tu kwenye zile gramu 20 zinazosagwa laini, kaboni inapanda, na mtu anaweza kuandika sura nzima ya tasnifu juu ya uvivu wa kibano changu.

Ndiyo maana mtu akiniletea jedwali la miaka mitatu lililojaa nyota za kitakwimu, zile alama za kudai kwamba tofauti si ya bahati tu, swali langu la kwanza ni alichukua sampuli ngapi kwa kila kitalu, na nani alitoa mizizi.

Lakini kina ndicho kinachoninyima raha zaidi. Sentimita 30 hazikuokotwa tu njiani: ndicho kina cha kawaida katika miongozo ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya kukokotoa kaboni ya udongo, na plau nyingi huishia hapo au juu yake kidogo. Zaidi ya hapo mikono inachoka. Mwaka 2007 John Baker na wenzake watatu walichapisha makala iliyowatibua wengi. Walionyesha kwamba tafiti nyingi zilizosifu kutotifua kwa kuongeza kaboni zilipima sentimita 30 au pungufu, na kwamba zile zilizoshuka zaidi mara nyingi hazikukuta ongezeko lolote la uhakika.

Sababu yake ukiifikiria ni rahisi. Shamba lisilotifuliwa huacha masalia ya mazao juu, yanaozea juu, na tabaka la juu linanenepa. Shamba linalopigwa plau hufukia masalia hayo, kwa hiyo kaboni yake inakaa chini zaidi. Ukipima juu tu, umepima kaboni ilikohamia ukadhani imeongezeka. Kuna na mtego wa pili, mdogo lakini mbaya. Udongo usiotifuliwa hujikaza. Ukipigilia ile pete ya chuma ya kupimia msongamano kwenye kitalu kama hicho, ukaikausha kwenye tanuri la nyuzi 105 na kuiweka mzanini, uzito wake ni mkubwa kuliko wa kitalu kilicholimwa. Sentimita 30 za hapa zina udongo mwingi kuliko sentimita 30 za pale, na kwa hiyo zina kaboni nyingi hata kama asilimia ni ileile. Dawa inajulikana: linganisha uzito sawa wa udongo, usilinganishe kina sawa. Inaongeza siku za kazi, kwa hiyo inarukwa.

(Sisemi kutotifua ni kubaya. Kunapunguza mmomonyoko, kunaokoa mafuta ya trekta, na sehemu kavu kunatunza unyevu. Hizo zinatosha kuwa sababu, bila kukubebesha na mzigo wa kuokoa tabianchi.)

Kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi kinatoka Chuo Kikuu cha California, Davis. Wana shamba linaloitwa Russell Ranch, lenye jaribio lililoanza mwaka 1993 na kupangwa lidumu miaka 100. Makala iliyoongozwa na Nicole Tautges, iliyotoka mwaka 2019, ilitazama miaka 19 ya jaribio hilo, na walichukua udongo hadi kina cha mita 2. Vitalu vya mbolea za viwandani vilivyoongezewa mazao ya kufunika udongo vilipata kaboni kwenye sentimita 30 za juu. Mtu wa kekee fupi angefunga daftari hapo na kwenda kupongezwa. Chini ya hapo, kaboni ilikuwa imepungua, na ukijumlisha mita zote 2, hasara ilimeza faida. Vitalu vya kilimo hai, vilivyopata mazao ya kufunika pamoja na mboji, viliongeza kaboni kwa asilimia 12.6. Watafiti waliona kwamba huenda ni suala la lishe: vijidudu vya chini vinahitaji naitrojeni, fosforasi na salfa ili viijenge kaboni kuwa kitu cha kudumu, na mboji huvishushia vyote kwa pamoja. Visipopata, vinakula akiba iliyokuwepo.

Shamba moja, hali moja ya hewa, sikatai. Lakini angalia jinsi jibu lilivyogeuka kwa sababu tu mtu alikubali kuchimba zaidi na kungoja zaidi.

Kungoja ndiko hasa. Jaribio la DOK kule Therwil, Uswisi, linalolinganisha kilimo hai na kilimo cha kawaida, lilianza mwaka 1978. Matokeo yake yaliyonukuliwa kila kona yalitoka mwaka 2002, baada ya miaka 21: mavuno ya kilimo hai yalikuwa pungufu kwa asilimia 20, huku mbolea na nishati zikipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na dawa za kuua wadudu na magugu kwa asilimia 97. Unaweza kubishana nayo kwa mengi, mojawapo likiwa kwamba mavuno pungufu yanadai ardhi zaidi mahali pengine. Angalau unabishana na miaka 21, hubishani na misimu mitatu ambayo mmoja wao ulikuwa wa ukame.

Na mkongwe wao wote ni Broadbalk, shamba la ngano la kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, lililoanza mwaka 1843. John Lawes, aliyelianzisha pamoja na Joseph Gilbert, alikuwa na kiwanda cha mbolea, kwa hiyo swali lake lilikuwa la kibiashara: ngano inataka nini hasa? Hakuna aliyemuuliza habari za tabianchi. Lakini kwa kuwa kitalu kimoja kimekuwa kikipewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, leo tunajua kaboni ya udongo inaweza kupanda zaidi ya mara mbili, na tunajua pia kwamba inapanda kwa kasi miongo ya mwanzo kisha inalegea na kukaribia kusimama. Habari hiyo ya kusimama ni muhimu sana kwa yeyote anayeuza au kununua hati za kaboni ya udongo, yaani kulipia kaboni inayodaiwa kuhifadhiwa shambani, na haipatikani kwenye utafiti wa miaka mitatu hata uusimamie vipi. Mwaka 1919 Rothamsted walimwajiri R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu, akatafute maana ya takwimu zilizokuwa zimelundikana, na humo ndimo zilimotoka mbinu za uchambuzi ambazo wanafunzi wangu wanazibonyeza kwenye kompyuta bila kujua zilizaliwa kati ya mbolea na ngano.

Mashamba ya namna hii hujibu hata maswali ambayo hayakuulizwa. Chuo Kikuu cha Missouri kina Sanborn Field, shamba la jaribio la kuzungusha mazao lililoanza mwaka 1888. Sampuli ya udongo wake alitumiwa Benjamin Duggar, mwanabotania aliyekuwa akitafuta viuavijasumu vipya, na mwaka 1945 humo akapata bakteria walioleta Aureomycin, dawa ya kwanza katika jamii ya tetrasaiklini. Jaribio la kuzungusha mazao likatibu watu. Na pale Illinois, chuo kikuu kilipotaka maktaba mpya jirani na Morrow Plots, vitalu vya mahindi vya tangu mwaka 1876, maktaba ilichimbiwa chini ya ardhi ili kivuli chake kisianguke kwenye mahindi. Ilikamilika mwaka 1969. Napenda sana habari hii. Ni chuo kikuu kimoja kilichoshuka chini kwa hiari yake.

Kwingineko nimeona kinyume. Kwenye chuo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, chupa za udongo za miongo kadhaa zilitolewa stoo ili viti vya ukumbi vipate pa kukaa. Aliyetoa amri hakuwa mtu mbaya. Alitazama orodha, akaona udongo, akajua udongo uko tele nje. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba udongo wa mwaka uliopita hauchimbiki tena. Rothamsted wana zaidi ya sampuli 300,000 za udongo na mimea kwenye ghala lao, na watu wamezirudia kutafuta kadimiamu, dioksini na mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, vitu ambavyo waliozihifadhi hawakuwa wakivifikiria hata kidogo. Mhadhiri anayetafuta cheo hahesabiwi chupa, anahesabiwa makala. Mfadhili naye anataka ripoti ya mwisho kabla udongo haujaamua.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamivu alinikalia kwenye stuli ya maabara akauliza, "Sasa Mama, nina miaka mitatu. Nifanye nini, niache?" Nikamwambia asiache, abadilishe swali. Yapo mambo ya udongo yanayosogea haraka: kasi ya maji kunywewa, naitreti inayochujika kwenda chini, idadi ya minyoo, uimara wa madonge. Hilo la madonge nilimwonyesha hapohapo. Nilichukua donge kavu la kitalu kinacholimwa kila msimu, na jingine la ukingo wenye nyasi, nikayaweka kwenye vichujio vya waya na kuyazamisha kwenye glasi mbili za maji. La kwanza lilitoa mapovu, likapasuka ubavuni, na kabla hajamaliza kuniuliza swali jingine lilikuwa tope kwenye sakafu ya glasi. La pili lilikaa. Tukanywa chai, likawa bado limekaa, maji yake meupe. Tofauti ya namna hiyo unaweza kuanza kuiona ndani ya muda wa shahada moja, na mkulima anaielewa bila jedwali.

Kuhusu kaboni, nilimshauri ajishikize kwenye jaribio la zamani la idara, lile ambalo wengi wanapita kando yake wakidhani ni shamba lililosahauliwa, achukue vitalu vichache lakini ashuke mita 1, kwa vipande vitano, kila kipande na msongamano wake. Msimamizi wake alinuna kwa sababu ya gharama ya mashine ya kuchimbia. Walivutana wiki mbili. Wamekubaliana aandike kwamba kaboni yake ni kipimo cha mwanzo kwa atakayekuja baadaye, na kwamba nusu ya kila sampuli ibaki kwangu. Nami nimempa masharti: chupa za kioo zenye kifuniko cha kubana, udongo uwe umekaushwa kwa hewa na sio tanuri, lebo mbili, ya ndani na ya nje, zote kwa penseli. Wino hufifia.