Ukiona _readme.txt kwenye kila folda, zima mashine hapo hapo

Jamani leo naandika kitu kinachoniuma toka mwaka 2020. Kuna mama mmoja ana stationeri, mashine zake mimi ndo nilikuwa nazihudumia, asubuhi moja akanipigia, "Kaka, picha hazifunguki, halafu Windows inajiapdeti toka saa mbili." Nikamjibu, "Mama iache imalize, nitapita mchana." Lile jibu ndo linaloniuma mpaka leo kwa sababu ile haikuwa apdeti.

Nilivyofika nikakuta kidirisha cha apdeti kipo katikati ya skrini, asilimia zinapanda taratibu, na nyuma yake ikoni za picha zote zimekuwa nyeupe. Nikafungua folda ya pasipoti saizi, kila faili limeongezewa nukta na herufi nne zisizo na maana baada ya .jpg, na chini kabisa kuna kifaili cha maandishi, _readme.txt. Nikarudi nyuma folda nyingine, kipo. Folda ya barua za wateja, kipo. Flashi iliyokuwa imechomekwa, kipo. Ukikisoma kinasema mafaili yako yote yamefungwa, ulipe dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa 490.

Hiyo ni ransomwea, yani programu inayofunga mafaili yako halafu inadai pesa, inaitwa STOP, wengi wanaijua kama Djvu, na tofauti na zile zinazotajwa kwenye habari za mabenki na mahospitali makubwa, hii inawinda watu wa kawaida, wale tunaoshusha programu za kraki na vile vitu vya kuaktiveti Windows na Office bure. Na pale dukani ndivyo ilivyoingia, usiku wake kijana wa kazi alikuwa ameshusha kraki ya programu ya kuediti picha, akazima antivairasi kama maelekezo yalivyosema, akainstoli akaenda kulala.

Sasa nisikilizeni hapa. Nilichomoa diski nikaisomea kwenye mashine nyingine, nikapanga mafaili kwa tarehe na saa ya kuzaliwa, na yote yaliyotokea yakajionyesha. Kulikuwa na folda mpya ndani ya AppData\Local, pale programu zinapoweka vitu vyake kwa siri, jina lake ni mlolongo mrefu wa namba na herufi zilizounganishwa kwa vistari, ndani kuna .exe ambayo hakuna mtu aliyeiweka. Kulikuwa na updatewin.exe, ndo kile kidirisha cha apdeti ya uongo, kazi yake ni kukufanya usubiri. Kulikuwa na folda C:\SystemID yenye PersonalID.txt. Na kwenye kazi za ratiba za Windows kulikuwa na kitu kinaitwa Time Trigger Task, kinajirudia kila dakika tano, yani hata ukirestati mashine ukadhani umepona jamaa anaamka anaendelea pale alipoachia.

Ndo maana nasema tuangalie mafaili yanayozaliwa, tusisubiri mpaka mafaili yagome kufunguka. Kompyuta nzima inazalisha mafaili muda wote, hilo najua, ukifungua Word inatengeneza kale kenye ~$ mbele, ukifungua zipu yanamwagika mia kwa mpigo, antivairasi nayo ina vya kwake. Cha kutisha ni kurudiarudia. Faili lenye jina lile lile, maandishi yale yale, linatokea kwenye folda tatu, nne, kumi ndani ya dakika moja, na hakuna aliyefungua zipu wala kuinstoli kitu, hapo shtuka. WannaCry, ransomwea nyingine iliyosambaa dunia nzima Mei 2017, nayo ilikuwa hivyo hivyo, ilikuwa inadondosha @Please_Read_Me@.txt folda kwa folda na mafaili yanaishia na .WNCRY. Majina yanabadilika, tabia ni ile ile.

Siku hizi kwenye kila mashine ninayoihudumia naweka chambo. Natengeneza folda inaanza na alama ya mshangao ili ikae juu kabisa, nyingine inaanza na zzz ikae mwisho, kwa sababu huwezi kujua ataanzia upande gani, ndani naweka picha moja na dokumenti moja za uongo ambazo hakuna mtu ana sababu ya kuzigusa. Halafu kuna kiskripti cha PowerShell, ile ya kuandikia amri ndani ya Windows, kinazichungulia muda wote, chambo kikiguswa tu, kikibadilishwa jina au faili jipya likizaliwa pembeni yake, kinakata mtandao na kupiga kelele. Kwenye Windows 10 na 11 pia kuna ile Controlled folder access, inazuia programu isiyoaminika kubadilisha mafaili yako, huwa imezimwa, iwashe, itakusumbua mwanzoni kwa kuzuia hata programu nzuri ila ziruhusu moja moja uvumilie. Na onyesha zile herufi za mwisho wa jina la faili, Windows inazificha, unaona picha.jpg kumbe ni picha.jpg.exe.

Ikishaanza, chomoa waya wa mtandao au zima waifai, toa flashi, bonyeza batani ya pawa mpaka mashine izime, na usiiwashe tena, mpelekee fundi diski. STOP ikikosa intaneti toka mwanzo inatumia ufunguo iliokuja nao, ID zake, zile zilizo ndani ya PersonalID.txt, zinaishia na t1, na hizo baadhi zinafunguka bure kwa kifaa cha kampuni ya antivairasi ya Emsisoft kilichotoka Oktoba 2019. Ikipata intaneti inachukua ufunguo wa peke yake kwenye seva ya wezi. Ya yule mama haikuishia na t1, modemu ilikuwa hewani usiku kucha. Asubuhi ile ufunguo ulikuwa umeshachukuliwa, lakini ningemwambia azime, folda nyingi zingepona. Tulichookoa ni video za harusi, kwa sababu inafunga kama kilobaiti 150 za mwanzo tu na video ikitengenezwa inacheza. Picha za pasipoti zote zilikwenda. Tukabadilisha na nywila zake zote, hii kitu mara nyingi inakuja na mwizi wa nywila.

Diski yake hatujaiformati, nimeihifadhi kwenye bahasha nikiomba ufunguo utoke siku moja. Na pale dukani waya wa ruta nimeufunga teipu nyekundu, nikamwonyesha kila anayekaa kwenye mashine, mafaili yakibadilika majina vuta huu kwanza ndo unipigie.