Kijana aliyempa shemeji shikamoo

Shemeji yangu ni mwanajeshi. Alikuwa miongoni mwa Watanzania waliokwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kupambana na magaidi na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichoingia Julai 2021 na kuondoka Julai 2024. Hapendi kusimulia. Lakini jioni moja hapa Ngarenaro, Arusha, mimi namenya ndizi za mtori, akanieleza habari ya kijana wa kundi hilo waliyemkamata porini. Miguu imevimba, shati linampwaya. Aliposogea kumfunga mikono, kijana akamwambia, "Shikamoo, baba."

"Ukaitikia?"

"Shemeji, ningeachaje? Nikamwambia marahaba, nikamfunga."

Asubuhi wakamkabidhi kwa Wamsumbiji. Nani alimtoa kwao, kwa ahadi gani, hakuna aliyepata nafasi ya kumuuliza. Tangu hapo sina amani na hii habari ya kumaliza ugaidi kwa jeshi.

Sisemi wanajeshi wabaki kambini. Oktoba 2020 wauaji walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, Mtwara. Pale alihitajika mwenye silaha. Na hasira naijua. Mei 5, 2013, bomu liliporushwa kanisani Olasiti, hapa Arusha, kwenye misa ya uzinduzi wa parokia, watu watatu wakafariki. Mji mzima tulikuwa tunapigiana simu kuulizana nani yuko wapi. Siku ile mtu angeniambia tulipue popote, ningekubali.

Ila nikitulia naona mambo hayaendi hivyo. Kenya ilipeleka jeshi Somalia Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa pwani na kwenye kambi za wakimbizi. Miaka miwili baadaye magaidi wakashambulia duka kubwa la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Hao ni jirani zetu, ukivuka Namanga tu uko kwao.

Au 1998. Mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 200. Hazikupita wiki mbili, Marekani ikarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa Khartoum. Bin Laden, kiongozi wa Al-Qaeda waliofanya mashambulizi hayo, akabaki salama. Aliyempata Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyeshiriki bomu la Dar es Salaam, ni mpelelezi: alikamatwa Cape Town 1999, na 2001 mahakama ya New York ikamfunga maisha pamoja na wenzake watatu. Sisi wa Arusha kazi hiyo tumeiona kwa macho. Washtakiwa wa mauaji ya Rwanda walitafutwa nchi mbalimbali, wakaletwa hapa na kusomewa mashtaka kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, katika jengo la mikutano la AICC. Ilichukua miaka mingi, na watu walinung'unika. Lakini kila mmoja alishtakiwa kwa jina lake na kwa alichotenda yeye, kijiji chake hakikuchomwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Vijana wengi wa Arusha na Mirerani walikwenda Montepuez, huko huko Cabo Delgado, kuchimba rubi. Mwanzoni mwa 2017 polisi wa Msumbiji wakawafukuza wachimbaji wadogo, wageni kwa wenyeji. Oktoba mwaka huo huo mashambulizi yakaanza Mocímboa da Praia. Sidai kwamba hili lilizaa lile. Nasema kijana aliyepoteza riziki na hana pa kushtaki ni rahisi kuchukuliwa na mtu mwenye hela na maneno matamu, na kombora halimfikii huyo mwenye maneno. Bajeti ya kumtafuta yeye, kabla hajafika kwa mtoto wa jirani yangu, ndiyo ningependa kuisikia ikisomwa Dodoma.