Siku moja maishani mwangu: namtafuta mama wa miche ya mwarobaini, Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri. Adhana imekwisha, nje bado giza. Nakagua mkoba: bahasha za karatasi, penseli (wino hufutwa na jasho), mkasi, na kopo la chembe za silika za kukaushia majani. Wiki iliyopita sikuziangalia vizuri. Zilikuwa zimeshabadilika rangi, yaani zimeshiba maji, na majani ya siku mbili yakaota ukungu. Nililia. Leo nimezikagua mara mbili.

Saa 1 asubuhi. Bodaboda mpaka Kaole. Njia nzima, karibu kila ua una mwarobaini. Nami naupenda mti huu. Utotoni nilinyweshwa maji yake machungu kila nilipopata homa, na babu alipiga mswaki kwa kijiti chake. Lakini asili yake ni Bara Hindi na Myanmar. Uliletwa na watu waliovuka bahari. Siku hizi hausubiri kupandwa. Umeingia vichakani, umeingia mpaka Hifadhi ya Saadani.

Saa 2. Ua wa kwanza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umerudi na mkasi wako?”

Namweleza kwamba nataka jani moja changa tu, tukasome vinasaba vyake maabara.

“Kama kile kipimo cha kujua baba wa mtoto?”

“Ndicho hicho, bibi. Ila mimi namtafuta mama.”

Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake anivutie tawi.

Saa 4. Hapa ndipo moyo wangu ulipo: kichakani, chini ya mbuyu. Miche ya mwarobaini imejazana chini ya matawi yake kama iliyomwagwa, na hakuna mwarobaini mkubwa karibu. Walioileta ni ndege na popo. Ndege anameza tunda, anatua mbuyuni, anaangusha kokwa. Popo anafyonza nyama tamu na kuitema kokwa palepale anaponing'inia.

Napiga magoti na kuokota kokwa moja moja. Ganda lake gumu limejengwa na mti mama peke yake. Mbegu iliyomo ndani ndiyo yenye nasaba ya mama na baba. Kwa hiyo ganda likilinganishwa na majani niliyokata uani, linaweza kunionyesha tunda lilitoka kwa nani. Mti mmoja wa mtu mmoja, uani kwake.

Nasaba inajibu na swali kubwa zaidi. Tukikuta miti yote ya pwani hii inafanana mno, basi waliofika mwanzoni walikuwa wachache na hii yote ni wajukuu zao. Tukikuta tofauti nyingi, basi mti ulikuja mara nyingi, kwa mikono mingi, na koo zake zimechanganyika. Mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuupa mmea nguvu ya kuzoea mahali papya.

Wapo wanaosema tuikate yote. Siafiki. Kisiki cha mwarobaini huchipua, na mwenye ua atakuwa amepoteza kivuli na dawa bure. Afadhali tuijue ile michache inayolisha kichaka, tushughulike na matunda yake, na miche ing'olewe ikingali midogo. Mbegu zake hazivumilii kukaa. Wiki chache tu na nyingi zimekufa.

Saa 7 mchana. Wali na samaki kwa mama lishe. Maji mengi.

Saa 8 hadi saa 10. Nimepima mraba kwa kamba na kupekua miche yote iliyomo. Mkwakwa, mti wa asili wa hapa, nimeuona mmoja tu, mwembamba, umenyooka kutafuta jua katikati ya miarobaini. Nimekaa nao kwa muda.

Saa 1 usiku. Nyumbani naandika namba kwenye bahasha, moja moja, bila haraka. Jumamosi zinaenda maabara Dar es Salaam.

Saa 2 na robo simu inaita. Ni yule mjukuu. Bibi anauliza kama mti wake ndio mama, kwa sababu kama ndio, matunda ya msimu ujao watayachuma kabla ndege hawajayafikia. Nimemwambia majibu bado, na yakitoka nitayaleta mwenyewe Kaole.